Nyuma ya Sauti Moja Wamo Wengi: Malenga, Mpiga Udi na Wimbo wa Harusi Zetu



Msimu wa harusi uingiapo, mama zetu wa Kisauni, Likoni na Changamwe hutujia na suali lile lile: kikundi gani kialikwe, na nyimbo gani ziimbwe mbele ya wazee na watoto? Ni suali jema, kwani mwenye kuuliza huwa angali analinda nyumba yake. Lakini mara nyingi tunaliuliza nusu. Tunauliza bei ya kikundi, tunauliza vyombo vyake vina nguvu kiasi gani, tunauliza mwimbaji ni nani. Hatuulizi maneno atakayoyaimba yametungwa na nani.

Kuhusu hukumu ya ala za muziki, maulamaa wametofautiana tangu zamani, wala hatukusudii katika ukurasa huu kuamua baina yao. Kila nyumba na imfuate mwalimu wake inayemwamini. Hata hivyo, hapana aliyekhitalifu katika jambo hili moja: neno lina uzito, na mwenye kulitamka ataulizwa juu yake. Ni katika mlango huo tunapenda kuingia leo. Tunataka kuonyesha kwamba wimbo wa pwani yetu, ulipokuwa na heshima yake, haukuwa mali ya mwimbaji peke yake. Ulikuwa kazi ya shirika baina ya malenga, mtunzi wa sauti, wapigaji na watu wa mji wenyewe. Na tunapomsahau malenga katika shirika hilo, watoto wetu ndio hulipa gharama.

Kazi ya mikono mingi

Tuanze na jinsi kazi yenyewe ifanywavyo. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani kumi na sita, ukakatika katikati, nane huku na nane huku. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao, na kila kimoja kina kina chake. Mwenye kutia sauti hulitazama umbo hilo kama fundi nguo atazamavyo kitambaa kabla ya kukikata. Pale mizani nane za kwanza zinapotimia, mwimbaji hupata pumzi na ala hupata nafasi ya kujibu. Sauti ikiwa ndefu kuliko mshororo, itabidi kipande kirudiwe. Ikiwa fupi, malenga hana budi kutafuta bahari nyengine, kama vile wimbo wa mishororo mitatu.

Kwa hiyo malenga na mtia sauti hawawezi kufanya kazi kila mmoja chumbani mwake kisha wakakutana siku ya harusi. Sharti wakae pamoja, huyu apunguze neno, yule arefushe sauti, mpaka maana isikike na kina kisivunjike. Kisha waje wapigaji: wa udi, wa fidla, wa tabla, na wa tashkota, ile ala ya vinanda iliyotoka Japani ikawa kitambulisho cha taarabu ya Mombasa. Mwimbaji ndiye tumwonaye na kumtunza, lakini amesimama mbele ya safu ndefu ya watu.

Ukoo mmoja, malenga na mwimbaji

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mombasa imepata kuwa na ukoo mmoja uliotoa fungu kubwa la maneno ya karne iliyopita. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1936, alikuwa malenga na mtu wa tiba za kienyeji. Mwaka 1966 baadhi ya mashairi yake yalichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries. Mwaka 1971 ikatoka diwani yake, Malenga wa Mvita, iliyohaririwa na mwalimu wetu marehemu Shihabuddin Chiraghdin. Utenzi wake wa Mtu ni Utu aliutunga akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, na umekuwa ukisomwa na wataalamu wa falsafa hata nje ya Afrika, kwa sababu unauliza nini kinachomfanya mtu astahiki kuitwa mtu. Nduguze ni marehemu Sheikh Abdilahi Nassir, aliyejulikana kwa elimu ya dini na siasa, na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? na akatoka na diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973.

Katika ukoo huo huo ndimo alimotoka Mohamed Khamis Juma Bhalo, ambaye watu wa pwani walimwita tu Juma Bhalo. Alizaliwa mwaka 1942 na akafariki mwaka 2014, na kabla ya kufariki alikuwa amekwisha kuacha kuimba hadharani. Wengi wetu tunamjua kwa sauti yake na kwa mapigo yake yaliyofuata nyimbo za filamu za Kihindi. Wachache wanakumbuka kwamba mengi ya maneno aliyoyaimba yalitoka kwa Ahmad Nassir, jamaa yake wa damu.

Hebu tuifikiri kazi hiyo. Sauti ya filamu imetungwa kwa Kihindi, lugha yenye urefu wake wa maneno na mapumziko yake. Malenga wa Mvita anatakiwa aweke ndani yake Kiswahili cha Mombasa, chenye vina na mizani, chenye mafumbo ambayo mzee ataelewa na mtoto hatadhurika nayo. Aliyesikia sauti ya Kihindi alidhani ni muziki wa kuigwa. Aliyesikiliza maneno alikuta mawaidha juu ya uaminifu, ujirani, subira na machungu ya mapenzi, yamesetiriwa kwa adabu. Sauti ilikuwa ya mkopo, na maneno yalikuwa yetu. Katika wakati wetu mara nyingi mambo yamegeuka: sauti hukopwa na maneno pia hukopwa.

Udi na hazina ya maneno

Mfano wa pili ni wa watu wawili wa Lamu waliofanya makazi yao Mombasa. Zein l'Abdin Ahmed Alamoody alikuwa mpiga udi ambaye hapana mpenda taarabu wa pwani asiyemjua. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927, alikuwa malenga na mhifadhi wa lugha. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alitupa neno runinga, na katika utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alisimulia namna jahazi linavyoundwa, akihifadhi ndani ya beti majina ya mbao, kamba na vyombo ambayo mafundi wa Lamu walikuwa wakiyatumia. Katika Umbuji wa Mnazi aliufanyia mti wa mnazi yale aliyoyafanyia jahazi.

Mpiga udi na mhifadhi wa maneno wakafanya kazi pamoja. Zein alitaka nyimbo za kale zisife, na Nabhany alikuwa na mashairi ya kale na elimu ya kuyaeleza. Mmoja alijua neno gumu lina maana gani, na mwengine alijua litaimbwa vipi lisimtoroke msikilizaji. Beti ambazo zingebaki katika makaratasi ya wataalamu zikaingia katika harusi, na bibi aliyekuwa jikoni akichambua mchele akazisikia akazikumbuka. Mwaka 1990 santuri ya Zein na kikundi chake, yenye jina la Mtindo wa Mombasa, ilitolewa Uingereza, na watu ambao hawajapata kukanyaga pwani yetu wakasikia udi wa Mombasa.

Hapa pana funzo kwa vikundi vya leo. Fundi wa jahazi alimpa malenga maneno, malenga akampa mpiga udi beti, mpiga udi akaupa mji wimbo. Kila mmoja alikuwa bingwa katika fani yake na mwanafunzi katika fani ya mwenziwe. Hakuna hata mmoja aliyeona haya kuuliza.

Nyumbani kwa Siti, na uwanjani kwa lelemama

Dada zetu wasije wakadhani kwamba shirika hili lilikuwa la wanaume peke yao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kutia sauti zao katika santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Linalotupendeza katika habari zake ni kwamba nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa baraza la kazi: wenzake walikutana hapo, habari za mtaani na za mahakamani zikaletwa, maneno yakapimwa, sauti zikatafutwa, na wimbo ukatoka ukiwa umepita katika vichwa vingi.

Mmoja kati ya nyimbo hizo, unaojulikana kwa jina la Kijiti, unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alikimbia, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliohukumiwa. Korti ilikwisha kufunga faili lake, lakini wimbo uliendelea kulitaja jambo hilo mbele ya watu, mwaka baada ya mwaka, na hata leo unaimbwa. Mwanamke asiyekuwa na wa kumsemea alisemewa na kikundi cha waimbaji. Hiyo ndiyo nguvu ya neno likiwa mikononi mwa wenye kujali.

Mombasa nayo ilikuwa na vyama vya lelemama, na mashuhuri katika hivyo ni Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa karamu. Mtafiti Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, ameonyesha kwamba vyama hivyo vilikuwa zaidi ya ngoma. Vilikuwa na uongozi wenye vyeo, vilichangishana, vilisaidiana katika harusi na katika mazishi. Vikatoa wanawake waliojua kuendesha mkutano na kuweka fedha, na katika miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa wakaasisi jumuiya za maendeleo yao zilizochota uzoefu kutoka huko. Baadaye Strobel na Sarah Mirza wakakusanya hadithi za maisha za wanawake watatu wa Mombasa, zikatolewa kwa Kiswahili pia mwaka 1991, na humo mtu anaweza kusoma kwa maneno yao wenyewe jinsi harusi, somo na nyimbo vilivyokuwa.

Hatusemi kwamba kila lililofanywa katika lelemama lilikuwa jema. Mashindano yalileta ubadhirifu, na nyimbo za kufumbana ziliwahi kuvunja ujirani. Wanavyuoni wa wakati ule walinasihi, na walikuwa na haki ya kunasihi. Tunachosema ni kwamba mtunzi alikuwa ni mtu anayejulikana. Mwanamke akitunga jambo baya, wazee walijua mlango wa kubisha. Leo wimbo mchafu unapoingia nyumbani kupitia simu ya mtoto, tutabisha mlango wa nani?

Vikundi vya wakati wetu

Mtu asiseme kwamba mambo haya yalikwisha na wazee. Ng'ambo ya bahari, Unguja, Nadi Ikhwan Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905 ingali hai. Mwaka 2002 kilifunguliwa hapo chuo cha muziki wa nchi za majahazi, ambako vijana wa kike na wa kiume wanafundishwa udi, ganuni, fidla na ngoma kwa mpango na mitihani. Mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani akaasisi Tausi, kikundi cha taarabu ambacho wapigaji wake ni wanawake, ili ala zisiwe za mikono ya wanaume tu. Na mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, akatoa albamu ya Siti of Unguja, ambamo bingwa wa taarabu Mohamed Issa Matona na mtayarishaji Sam Jones kutoka Uingereza walikaa meza moja, nyimbo za bibi zikavikwa sauti za leo.

Huenda msikilizaji akapenda au asipende matokeo. Sisi tunaangalia njia. Mgeni hakuja na maneno yake akamtaka mwenyeji ayaimbe. Alikuta maneno yapo, yana mwenyewe, yana historia, akaomba kushiriki. Mwenye maneno yake huweza kumkaribisha yeyote na asipoteze nafsi yake. Asiyekuwa nayo hukaribishwa yeye katika nyumba ya watu, akavaa atakachopewa.

Na sisi wa mitaa ya ng'ambo ya kisiwa, je? Tuna vijana wa kasida wanaojua matwari barabara. Tuna wasichana waliohitimu Kiswahili katika shule za sekondari, ambao wamefundishwa mizani na vina kwa ajili ya mtihani na hawajapata kuombwa shairi na mtu yeyote tangu hapo. Tuna mabibi wanaokumbuka nyimbo za vugo na za kumtoa mwari. Tuna mafundi wa kurekodi wenye vyumba vyao vidogo. Watu hawa wote wanaishi mtaa mmoja na hawajuani kwa kazi zao. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha, na harusi ni nafasi nzuri kuliko zote ya kufanya hivyo.

Familia ifanye nini

Kwanza, mnapoalika kikundi, ombeni maneno ya nyimbo yaliyoandikwa, wiki moja kabla. Yasomwe na mama wa bibi harusi na mtu mzima mmoja anayejua lugha. Kikundi chenye heshima hakitakasirika, na kikikasirika mmekwisha kupata jawabu.

Pili, agizeni shairi lenu. Kwa kila harusi, pawe na shairi moja lililotungwa kwa ajili ya watu wale wawili, likataja nasaha za nyumba ile. Mpeni kazi hiyo kijana wa ukoo, aketi na bibi yake amwulize maneno ya zamani, kisha apelekewe mtia sauti au vijana wa kasida. Mlipeni. Watu hutoa fedha nyingi kwa mapambo yatakayong'olewa kesho yake, wakaona tabu kumlipa mwenye maneno yatakayokumbukwa na wajukuu.

Tatu, mtajeni mtunzi. Katika kadi, katika tangazo la sherehe, na kwa kinywa cha mshereheshaji, jina la malenga litajwe pamoja na la mwimbaji. Hiyo ni haki yake, na pia ni dhamana, kwani mwenye kutajwa kwa jina hujichunga.

Nne, zitazameni kanda zenu. Zamani duka la Assanand lilitoa santuri za taarabu hapa Mombasa kwa nembo ya Mzuri, na baadaye wauzaji kama Mbwana Radio Service wakasambaza kanda, nyingi zikiwa zimerekodiwa katika harusi zenyewe. Kanda hizo zimo makabatini mwetu, na nyengine hazina nakala mahali popote. Unyevu wa pwani huzitia ukungu na utepe wake ukagandana. Zitoeni, zisafishwe na fundi, zihamishwe katika kompyuta, na juu ya kila moja liandikwe jina la mwimbaji, la malenga, la mtaa na mwaka, maadamu wako wazee wa kuulizwa. Kila mwaka tunazika watu waliokuwa na majibu hayo.

Tano, walimu wa madrasa na wa shule wakae pamoja. Mtoto anayehifadhi kasida afundishwe pia kwa nini mshororo ule umekatika pale, na atakiwe atunge wake. Mwenye kujua ugumu wa kutunga ubeti mmoja ulio safi hatavutika upesi na maneno yasiyo na kina wala maana.

Ndugu na dada zetu, kukataza peke yake hakujatosha. Tumekataza nyimbo chafu miaka mingi juu ya mimbari, na zingali zinalia matatuni na katika simu, kwa sababu nafasi tuliyoiacha wazi haikai tupu. Wazee wetu waliijaza kwa malenga waliowajua, waliowaheshimu na waliowauliza. Tukiwarudisha malenga mahali pao, suali la kikundi gani kialikwe litakuwa rahisi kulijibu, kwani tutakuwa tunajua tangu mwanzo kitakachosemwa nyumbani mwetu, na ni nani aliyekisema.

Wabillahi tawfiq.